Maabara Ziko Kinondoni, Mafuta Yako Temeke

Viwanda vya mafuta ya kula na sabuni ni miongoni mwa viwanda vichache ambavyo kazi yake huonekana katika kila nyumba ya Dar es Salaam, iwe Msasani au Mbagala, asubuhi, mchana na jioni. Mandazi ya alfajiri, samaki wa kukaanga wa jioni, na sare za shule zinazofuliwa usiku ili zikauke kabla ya kukucha, vyote vina deni kwa mitambo iliyoko Chang'ombe na sehemu nyinginezo za Temeke. Hata hivyo ni wananchi wachache waliopata kuelezwa yale yanayofanyiwa mafuta hayo ndani ya kuta za viwanda. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba katika muda wa nusu karne iliyopita nchi zilizoendelea zimekwisha kuanza kuachana na moto mkali na dawa kali katika sehemu ya kazi hiyo, na mahali pake kuweka vimeng'enya vilivyofungwa juu ya chembe ngumu, visivyochukuliwa na mafuta yanapopita.

Neno hilo lisimtishe mtu. Kimeng'enya si mgeni kwa mpishi wa Pwani. Mama anayefunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai, au kuipaka papai bichi kabla ya kuibandika jikoni, anatumia kimeng'enya. Anayetia kimea katika uji ili upate utamu wa togwa anatumia kimeng'enya kingine. Ni kitu kinachotengenezwa na viumbe hai, chenye uwezo wa kuharakisha badiliko fulani bila chenyewe kwisha, na kila kimoja kina kazi yake: cha kimea hukata wanga, cha papai hukata protini za nyama. Kinachohusika hapa ni kile kinachokata mafuta, ambacho wataalamu hukiita lipasi. Mwili wa binadamu unacho. Katikati ya karne ya 19 mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, alionyesha kwamba maji yanayotoka katika kongosho ndiyo yanayoyavunja mafuta baada ya kuliwa.

Ili kuielewa kazi ya lipasi, mwananchi anayeishi jirani na reli atapata picha kwa urahisi. Kila chembe ya mafuta, yawe ya mawese, ya alizeti au ya ng'ombe, ni kama treni fupi: injini yake huitwa gliseroli, na imefungiwa mabehewa matatu, ambayo ni asidi za mafuta. Mabehewa mengine yamenyooka, mengine yamepinda. Mafuta yenye mabehewa mengi yaliyonyooka hupangana vizuri na kuganda, na yenye mengi yaliyopinda hubaki yakimiminika hata wakati wa baridi. Lipasi ni fundi wa maungio. Palipo na maji mengi, hufungua mabehewa na kuyaacha yametengana na injini. Palipo na maji kidogo sana, huyahamisha kutoka treni moja hadi nyingine, na hivyo mafuta mawili ya tabia mbalimbali yakichanganywa hutoka mafuta ya namna ya tatu.

Tatizo la zamani lilikuwa gharama. Kimeng'enya kikikorogwa ndani ya pipa huondoka pamoja na mali iliyotengenezwa, na kesho yake hapana budi kununua kingine. Dawa ya tatizo hilo ni kukifunga. Mwaka 1916, huko New York, wanasayansi Nelson na Griffin waligundua kwamba kimeng'enya cha kukata sukari kikishikamana na mkaa huendelea kufanya kazi kama kawaida. Ilipita zaidi ya miaka hamsini kabla jambo hilo halijaingia kiwandani, nalo liliingia Japani mwaka 1969, katika kampuni ya Tanabe Seiyaku. Tangu hapo imekuwa kawaida kukishikamanisha kimeng'enya na chembe za silika au plastiki ngumu, kuzijaza chembe hizo katika mnara wa chuma, na kupitisha mafuta vuguvugu kutoka juu hadi chini. Mafuta huondoka, kimeng'enya hubaki. Joto lake ni kiasi cha nyuzi 70, ambalo halifikii hata joto la maji ya chai yanayochemka.

Mabwana wa ubepari hawakuchelewa kuiona faida. Kufikia mwaka 1980 kampuni ya Unilever ilikuwa imepata hataza ya kugeuza mafuta ya bei nafuu, ya jamii ya mawese, yafanane na mafuta ghali ya kakao yanayotumika katika chokoleti. Mwaka 2005 kampuni ya ADM ya Marekani na Novozymes ya Denmark zilipewa tuzo ya kemia isiyoharibu mazingira inayotolewa na Serikali ya Marekani, kwa kutengeneza siagi ya mimea na mafuta ya kuokea kwa njia hiyo ya mnara. Lipasi mojawapo inayotumika sana leo ilitoka katika hamira iliyookotwa kwenye tope la Ziwa Vanda, katika barafu ya Antaktika. Watu wamekwenda kutafuta vimeng'enya mahali ambapo hata nyasi haioti.

Kwa nini mambo haya yamhusu mkazi wa Tandika au Manzese? Sababu ya kwanza ni afya yake. Kwa muda wa karibu karne nzima, njia ya kawaida ya kuyagandisha mafuta ya maji ilikuwa kuyapitishia haidrojeni kwa moto mkali mbele ya madini ya nikeli. Njia hiyo huyanyoosha mabehewa yaliyopinda, lakini ikiachwa katikati huacha mengine yamenyooka kwa namna isiyo ya kawaida. Hayo ndiyo mafuta ya transi. Huongeza lehemu mbaya katika damu, hupunguza iliyo njema, na huziba mishipa ya moyo. Denmark iliweka kikomo cha kisheria mwaka 2003: yasizidi gramu mbili katika kila gramu 100 za mafuta. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote kuyaondoa katika chakula, likikadiria kwamba yanasababisha vifo zaidi ya 500,000 kila mwaka.

Haki itendeke hapa. Mawese yana mabehewa mengi yaliyonyooka, na huganda yenyewe bila kuguswa na haidrojeni. Kwa hiyo si kila kopo la mafuta mazito linalouzwa Temeke lina transi, na haifai kuwatia watu hofu bila sababu. Lakini hapo ndipo ilipo sababu ya pili, ambayo ni nzito zaidi, nayo ni swali la mawese hayo yanatoka wapi.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Serikali ilikuwa ikitaja mahitaji ya taifa ya mafuta ya kula kuwa kiasi cha tani 570,000 kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani kiasi cha tani 205,000. Pengo hilo lilizibwa hasa kwa mawese ghafi kutoka Malaysia na Indonesia, yanayoshushwa bandarini na kusafishwa mjini. Ni kichekesho kichungu. Mchikichi asili yake ni Afrika. Waholanzi walipanda michikichi minne tu katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na uzao wake ukasambazwa katika mashamba ya Asia ya Kusini Mashariki. Mwaka 2018 Serikali ilianzisha upya kampeni ya zao hilo mkoani Kigoma, ambako kituo cha utafiti cha Kihinga kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, na mwaka 2021 mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu ikatiliwa mkazo katika alizeti.

Basi alizeti ndiyo inayofaa kufikiriwa kwa makini. Mafuta yake ni ya maji. Hayafai kutengenezea mafuta ya kuokea mikate wala ya kupaka, mpaka yagandishwe. Kiwanda kinachotaka kumtumia mkulima wa Singida kwa kazi hiyo kina njia mbili: kuyapitishia haidrojeni na kuingia katika matatizo yaliyokwisha kuelezwa, au kuyachanganya na sehemu nzito ya mawese na kuyabadilishana mabehewa. Njia ya pili yaweza kufanywa kwa dawa kali ya sodiamu, ambayo huyatia mafuta rangi na kupoteza sehemu yake kwa kuigeuza sabuni. Yaweza pia kufanywa kwa lipasi iliyofungwa, bila moto mkali na kwa hasara ndogo. Mnara wa namna hiyo ungeweza kuwaoza alizeti wa Singida na mchikichi wa Kigoma, harusi ifanyike Temeke.

Wakazi wa makamo wanajua maana ya kiwanda kinachotegemea kila kitu kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, sabuni nayo iliadimika. Foleni zilikuwa ndefu, na katika nyumba nyingi nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Mitambo haikuwa imekufa yote. Iliyokosekana mara nyingi ilikuwa shahamu, kostiki soda na vipuri. Ni vyema kulikumbuka jambo hilo kabla ya kushangilia teknolojia mpya, maana mnara wa vimeng'enya ukinunuliwa ukiwa umefungwa kama sanduku, pamoja na chembe za kuujaza kutoka Ulaya, utakuwa tegemezi jipya lililovaa koti la sayansi. Vimeng'enya huchoka. Baada ya kupitisha kiasi fulani cha mafuta, chembe lazima zibadilishwe, na anayeziuza ndiye atakayepanga bei.

Je, chembe hizo haziwezi kutengenezwa hapa? Yafaa kulitazama swali hili bila majivuno na bila unyonge, kwa kuwa majibu yake yamelala katika mbegu na maganda ambayo watu huyakanyaga.

Mwaka 1902 Wajerumani watatu, Connstein, Hoyer na Wartenberg, walichapisha habari kwamba mbegu za nyonyo, mmea ambao wengine Pwani huuita mbarika, zikisagwa na kukorogwa na mafuta, maji na asidi kidogo, kisha zikiachwa siku moja au mbili bila moto, huyatenganisha mafuta kuwa asidi na gliseroli. Viwanda vya Ujerumani viliitumia njia hiyo kwa muda, mpaka mvuke mkali ulipoishinda kwa kasi. Leo kazi hiyohiyo hufanywa kwa joto la nyuzi 250 na mgandamizo wa angahewa zipatazo 50, mambo yanayohitaji boila kubwa na chuma cha gharama. Ajabu ya nyonyo ni kwamba lipasi yake haiyeyuki katika maji. Imeshikamana na utando wa vitone vya mafuta ndani ya mbegu. Mmea wenyewe umekwisha kuifunga. Mbegu hizo zina sumu kali iitwayo risini, na vumbi lake huwadhuru wafanyakazi, kwa hiyo si kazi ya kufanywa uani. Lakini ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa maabara yoyote yenye mkemia makini.

Utomvu wa papai nao una tabia ya namna hiyo. Sehemu yake inayoyeyuka ndiyo ilaini ya nyama, ile papeini ambayo Tanganyika iliwahi kuiuza nje enzi za ukoloni. Sehemu isiyoyeyuka, ambayo zamani ilionekana kama takataka tu, imebeba lipasi, na tangu miaka ya 1990 watafiti wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiijaribu katika kubadilishana asidi za mafuta. Nchi iliyofua nguo kwa majani ya mti huu inastahili kuwa na neno la kusema juu ya utomvu wake.

Kuhusu chembe za kufungia, habari ni njema zaidi. Mwaka 2011 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kazi ambayo haikupigiwa ngoma. Walitumia mafuta ya maganda ya korosho kama kiolezo cha kutengenezea silika yenye vinyweleo vipana, wakafunga humo kimeng'enya cha kukata sukari, na kupima utendaji wake. Ni kimeng'enya kilekile ambacho Nelson na Griffin walikishikiza kwenye mkaa. Kilikuwa cha sukari, si cha mafuta, na umbali kati ya chupa ya maabara na mnara wa kiwanda ni mrefu. Hata hivyo ganda la korosho ya Mtwara limeonyeshwa kwamba laweza kusaidia kutengeneza nyumba ya kimeng'enya, na walioonyesha hivyo wako Mlimani.

Ndipo linapokuja jambo la jiografia ya jiji hili. Chuo kiko Mlimani, sehemu iliyokuwa ya Kinondoni kabla ya kuzaliwa kwa Manispaa ya Ubungo. Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, TIRDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 kwa ajili ya kazi za namna hii hasa, liko Msasani. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, iko Kijitonyama. Maabara ziko Kinondoni, mafuta yako Temeke. Kwa daladala ni safari ya kubadilisha gari mara moja au mbili. Kwa fikra ni safari ndefu kuliko ile ya meli kutoka Malaysia, maana meli hufika.

Lawama haiwaelekei watafiti peke yao. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala iliyochapishwa ng'ambo, si kwa pipa la mafuta lililotengenezwa vizuri Chang'ombe. Mwenye kiwanda naye humwita fundi mtambo unapoharibika, na humwita mtaalamu wa nje anapotaka mpya. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi yanayoagizwa hadi asilimia 25, na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili kumlinda mkulima wa mbegu na kiwanda cha ndani. Kinga ya namna hiyo hulipwa na mama lishe kila anaponunua lita moja. Si dhuluma kumtaka anayekingwa atenge sehemu ya faida yake kwa utafiti unaofanyika katika jiji hilihili.

Wapo watakaosema kwamba lipasi iliyofungwa ni ghali mno. Katika hali ya leo wanasema kweli. Aidha, kimeng'enya ni dhaifu mbele ya uchafu: mafuta yaliyochacha, yenye utomvu, mabaki ya sabuni au chembe za chuma hukiua mapema, na kiwanda kisichosafisha mafuta yake barabara kitakuwa kinatupa fedha. Kwa hiyo kuanza na siagi ya mimea huenda kukawa kuanza na mlima.

Ipo njia nyingine ya kuanzia, nayo iko mitaani. Kila jioni, kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala Rangi Tatu, wakaangaji wa chipsi, mihogo na samaki hutumia mafuta mpaka yakawa meusi. Mengi huishia mtaroni, na mengine hurudishwa kikaangoni siku ya pili na ya tatu, kwa hasara ya walaji. Viwanda navyo hubaki na tope la kusafishia mafuta, lililojaa asidi. Mtu akijaribu kuyageuza mafuta hayo kuwa dizeli kwa kostiki, asidi zilizomo hugeuka sabuni na kuharibu kazi. Lipasi haisumbuliwi na asidi hizo. Hizo pia ni chakula chake. Yakichujwa na kuoshwa, mafuta machafu ndiyo yanayoweza kuipa nafasi ya kujifunzia kwa gharama ndogo, maana yakiharibika hakuna aliyepoteza chakula. Asidi zitakazopatikana zaweza kwenda kwa vikundi vya akina mama wanaotengeneza sabuni ya mche, ambao wengi wao wamefundishwa na SIDO.

Yaliyotokea kwa jirani yasisahauliwe. Vijidudu vilichukuliwa kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, likiwamo Bogoria, na vimeng'enya vyake vikaingia katika biashara ya kulainisha nguo za jinzi na ya sabuni za unga ng'ambo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai haki ya nchi yake, na mwaka 2007 likatia saini mkataba wa ushirikiano na Novozymes. Tanzania ina Ziwa Natron, lenye magadi makali kama hayo. Sabuni ni magadi, na kimeng'enya kinachostahimili magadi ya Natron kina bei duniani. Kabla mgeni hajaja na chupa yake, ni wajibu wa vyombo vinavyohusika kuhakikisha kwamba wa kwanza kulichota tope hilo na kuliandikisha ni wanafunzi wa nchi hii.

Kwa sasa linalohitajika si jengo wala tume mpya. TIRDO ina wahandisi, Chuo kina wakemia wa korosho, na Temeke ina mafuta machafu ya kutosha. Mnara wa majaribio ni mfereji wa chuma usiozidi kimo cha mtu, pampu ndogo, na debe kadhaa za mafuta kutoka vikaangoni vya Tandika. Ujazwe chembe za kununua upande mmoja na za nyonyo au papai upande wa pili, upimwe mwaka mzima, ijulikane kila kilo ya chembe inapitisha mafuta kiasi gani kabla ya kuchoka na kwa shilingi ngapi. Na matokeo yake, yawe mazuri au mabaya, yaandikwe kwa Kiswahili na kupelekwa Chang'ombe, yasomwe na msimamizi wa zamu pamoja na mwenye kiwanda.